Vidonge Nilivyoficha Kwenye Pindo la Kitenge

Nimeandika haya kwenye kaye, daftari la shule, ukurasa mmoja kwa siku, maana mkono wangu hauvumilii zaidi ya hapo. Nilisoma mpaka mwaka wa nne wa shule ya primaire, basi. Anayetafuta Kiswahili kizuri akitafute kwa wengine. Mimi namwandikia kijana anayemeza vidonge vya usingizi juu ya bia ili muziki umwingie vizuri, na mama yake anayejifanya haoni. Ugonjwa huu niliugua mimi na binti yangu Neema, nyumba moja, wakati mmoja. Mmoja wetu amepona. Siyo yule aliyestahili.

Nitataja majina. Watu wa Kalundu, mtaa wetu wa Uvira, watasema nimewaaibisha. Vizuri.

Patron Kiza alikuwa na boîte karibu na bandari, nyumba ya dansi ya mbao na mabati, spika mbili kubwa kuliko mlango. Mimi nilisimama kontwari, meza ya kuuzia, nikifungua chupa. Kazi hiyo niliipata mwaka ule ziwa lilipopanda likaingia katika nyumba zetu, tukahamia chumba kimoja juu kidogo ya barabara, mimi na Neema. Baba yake alikuwa ameshakwenda kuchimba dhahabu upande wa Fizi, na mpaka leo hajatuma neno.

Siku ya watu wengi haikuwa Jumamosi usiku, kama mnavyodhani. Ilikuwa Jumapili mchana, wanaita matinée. Vijana wanatoka misa, wanabadilisha shati, saa nane wako ndani wanacheza, na nje jua linawaka. Ng'ambo ya barabara Byamungu alikuwa na farmasi. Vidonge vya usingizi alikuwa anauza kimoja kimoja, amekifunga kwenye kipande cha karatasi, bila kuuliza karatasi ya muganga wa hospitali. Vijana walikiita bonbon. Patron alipoona wanatoka kutafuta bonbon halafu wanabaki kunywa kwa jirani, alikwenda akaongea na Byamungu. Wiki iliyofuata nikawekewa kopo la maziwa ya unga chini ya kontwari, limejaa.

Patron akaniambia, "Mama Neema, anayetaka unampa. Hiyo ni dawa, haiko bangi. Hata hospitali wanatoa."

Nilitoa. Mkono uliotoa ni huu unaoandika.

Cha kwanza nilikimeza mwenyewe kwa sababu ya kelele. Nilikuwa nikilala, spika zinaendelea kupiga kichwani, na chini ya spika nasikia maji yanaingia mlangoni. Kidonge kimoja kikafunga vyote. Nililala kama mtoto aliyeshiba. Baada ya mwezi mmoja kimoja hakikufunga kitu, nikameza viwili. Baadaye nikawa nameza asubuhi pia, siyo kwa kulala, ila kwa kuweza kushika kikombe.

Watu wanafikiri unaona raha. Mimi nilikuwa sioni chochote. Nilikuwa nikisahau jina la jirani nikiwa naongea naye. Siku moja nikageuza ugali, harufu ya nyama ikanijia, nikauliza nani anachoma nyama. Ulikuwa mkono wangu, umelala juu ya mbabula, jiko la makaa. Kovu liko, refu kama kidole. Miguu ilikuwa ikikunjika barabarani, motard, dereva wa pikipiki, ananipigia honi na kucheka, "Ma Neema, leo umeonja mzigo wa patron?" Nilicheka naye. Ulimi ulikuwa mzito, lakini kucheka niliweza.

Neema alikuwa na miaka kumi na minane alipoanza kuja kunisaidia kuosha glasi. Alikuwa anapenda kucheza tangu mdogo, mabega yake yalikuwa na akili kuliko kichwa cha watu wengine. Rafiki yake alikuwa Aline, wa nyumba ya pili. Walikuwa wakicheza pamoja, mmoja anaanza, mwingine anamaliza. Kopo likawa linapungua haraka. Niliona. Nikafikiri ni mimi.

Nilijua siku nilipomwamsha asubuhi akanitazama kama hanifahamu, halafu akasema kwa sauti nzito, ile sauti yangu mwenyewe, "Maman, unipe kimoja kwanza, tutaongea." Sikumpiga. Sikulia. Nilimpa.

Mwaka mzima tuliishi hivyo, mama na binti, tunagawana kama watu wengine wanavyogawana samaki. Aliacha shule. Alikonda, nywele zikawa zinakatika kwenye kitana, mwezi wake ukawa unakuja unapotaka wenyewe. Aliyetuzindua ni Aline, maana alimeza bonbon akaanguka matinée, akagonga kichwa kwenye kreti, akashonwa. Neema alimshika mkono wakati wanamshona. Alirudi nyumbani, akakaa chini ukutani, akasema anataka kuacha, na mimi niache naye. Alisema, "Peke yangu sitaweza. Weye ukiacha, nitaacha."

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo tulipokosea, na ni kosa ambalo watu wengi wa kwetu wangelifanya. Hatukwenda hospitali. Tulikwenda chumba cha maombi.

Mchungaji Obedi alikuwa na chumba chake cha maombi nyuma ya soko. Kwake, ulevi wowote ni pepo, na pepo haliachwi kidogo kidogo. Desturi yao ilikuwa hii: mnafunga, halafu Jumatatu asubuhi mnakwenda wote ufukweni na kile kinachowafunga, sigara, hirizi, chupa, mnakitupa ziwani mkiimba. Jumapili inayofuata unasimama mbele unatoa ushuhuda. Siwasemi kwa sababu wanaomba. Mimi mwenyewe naomba. Nasema kwa sababu sigara na kidonge si kitu kimoja, na hakuna aliyeuliza.

Neema alifurahi wiki ile kuliko nilivyomwona tangu maji yaingie nyumbani. Alisuka nywele. Alikusanya vidonge vyake vyote, hata kile alichokificha ndani ya soli ya kiatu alikitoa akanionyesha.

Mimi Jumapili hiyo nilishona. Nilikuwa najua asubuhi isiyo na kidonge ilivyo, nilishawahi kuionja siku Byamungu alipofunga farmasi. Nilifumua pindo la kitenge changu cha rangi ya kahawa, nikaingiza vidonge kumi na nane, nikashona tena kwa uzi wa rangi ileile. Nilijiambia ni vya dharura tu. Nilijiambia nitamwambia Neema baadaye.

Asubuhi tulitupa. Maji yalikuwa meupe na kimya, wavuvi wanaanika samaki wadogo, ndagala, kwenye mchanga, watu wanaimba. Nilitupa kopo langu, lina vidonge vichache juu, chini nimejaza vijiwe ili lizame. Tukiwa tunapanda kurudi, Neema alinishika kiuno, mkono wake ukapita juu ya pindo lile.

"Maman, minye nimetupa vyote. Na weye?"

"Vyote," nilisema.

Jumatano akaanza kutetemeka. Kwanza vidole, halafu kidevu. Alitoka jasho mpaka mkeka ukalowa. Mwanga ulimuumiza, tukafunika dirisha kwa gunia. Sauti ya sufuria ilimfanya aruke. Alijikuna akasema, "Iko kitu kinanitembea mu mwili, Maman, kama siafu, chini ya ngozi." Wanamaombi walikuja, wakamwekea mikono, wakasema pepo linatoka, lisingepiga kelele kama halitoki. Wakaongeza mfungo.

Mimi nilikuwa nikienda chooni, nauma uzi wa pindo, nameza, narudi nimetulia. Alhamisi jioni alinitazama muda mrefu. Hakuwa na wivu, alikuwa anashangaa tu.

"Weye hautetemeki," alisema. "Mungu anakupenda kuliko minye."

Vidonge vilikuwa umbali wa kidole kutoka mkononi mwangu. Ningeweza kusema, mwanangu, mimi ni mwongo, chukua. Angetukana, angelia, angemeza. Lakini kwa chumba kizima mimi nilikuwa tayari mfano. Mchungaji alikuwa amenipa siku ya ushuhuda. Wanawake waliokuwa wakinipita barabarani kwa sababu ya boîte walikuwa wananisalimia kwa mikono miwili. Nilipenda. Niseme ukweli, nilipenda kusalimiwa. Nikamwambia avumilie.

Jumapili hakuweza kwenda kwenye ibada. Nilimwacha amekaa, amejifunga shuka. Nilivaa kitenge kilekile, nikasimama mbele ya watu, nikasema nilikuwa kipofu na sasa naona. Waliitika vizuri sana. Nilikuwa bado nimeshika maikrofoni Aline alipoingia mlangoni bila viatu.

Neema alikuwa ameamka akachukua vyombo kwenda kuviosha ziwani, ili nikirudi nivikute safi. Alichuchumaa kwenye maji. Akakakamaa, akaanguka kifudifudi, mwili ukapiga-piga, povu likatoka. Kulikuwa na wanawake wanafua, na vijana wanaosha pikipiki zao. Watu wazima, wenye nguvu. Wote walisimama, wakarudi nyuma hatua kadhaa. Kwetu wanasema ni kifafa, na ukigusa mate ya mwenye kifafa kinakuingia. Walisimama mpaka akaacha kupiga-piga. Aline ndiye aliyemgeuza, peke yake, naye alikuwa amechelewa.

Maji pale yanafika kwenye kifundo cha mguu. Nimerudi mara nyingi kuyapima.

Msibani watu walikaa mbali na mimi. Sikuelewa mpaka waliponiletea chai: kikombe changu kilikuwa kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio chake, ili asije mtu mwingine akakitumia. Ndugu wa mume wangu walisema kifafa hicho kimetoka upande wangu. Nilimaliza vyote vilivyokuwa kwenye pindo siku zile za kilio, nikarudi kwa Byamungu. Aliniambia pole, akanifungia vingine.

Dada yangu mkubwa, Yaya Anastazia, ndiye aliyekuja kunichukua. Aliolewa Nyakabere, kwa wakulima wa tambarare wanaoongea Kirundi, Wakatoliki, watu wa kusema machache. Alinikuta nimelala juu ya mkojo wangu. Alinipandisha kwenye pikipiki katikati yake na dereva, kichwa changu mgongoni mwa yule kijana, tukaenda moja kwa moja hospitali.

Benchi la pale nalifahamu kuliko kitanda changu. Ni la mbao, limeinama katikati, kwa hiyo mgonjwa wa mwisho anateleza kuelekea wa kwanza. Unafika alfajiri, unaweka fiche yako, kadi ya mgonjwa, juu ya nyingine, unasubiri. Siku ya kwanza nilikaa na mwanamke mwenye mtoto wa malaria, na mimi natapika ndani ya mfuko, naye anasogeza mfuko karibu yangu bila kunitazama. Sikujua jina lake. Mungu ampe.

Muuguzi aliitwa Zawadi, mwanamke mfupi, miwani imefungwa kwa plasta. Aliniuliza nameza ngapi kwa siku. Nilisema viwili. Akaweka kalamu chini.

"Mama, ukinidanganya, nitakupunguzia kutoka kwenye hesabu ya uongo, na hiyo itakuua. Utaniambia?"

Nikamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu kutaja idadi ya kweli. Ndipo akanieleza, kwa maneno ya kawaida, kwamba kitu hiki hakitupwi siku moja. Mwili ukishakizoea, ukikikata ghafla unaweza kushikwa na kifafa, hata kama hujawahi kuwa nacho, hata kama hakuna nyumba hata moja ya ukoo wenu iliyo nacho. Alisema huku anaandika. Hakujua alichokuwa ananiambia. Yaya Anastazia alijua, akanishika bega mpaka kucha zikaingia.

Nilianza kupunguzwa wakati wanapanda mahindi. Zawadi alinipa vya wiki mbili tu kila mara, na wembe. Nilikata juu ya mgongo wa sahani, yeye ndiye aliyesema nikate kiasi gani na lini. Kila tulipopunguza, wiki ya kwanza ilikuwa mateso: meno yanauma yote, moyo unakimbia, ndoto zenye maji. Wiki ya pili mwili unakubali kidogo, halafu tunapunguza tena. Mvua kubwa zilinikuta kwenye nusu. Wakati wa kuvuna mpunga nilikuwa kwenye robo, nikakwama hapo, nikalia kwamba sitashuka, na Zawadi akasema tukae hapo mwezi mmoja, hakuna anayetukimbiza. Wiki moja barabara ilifungwa kwa sababu ya risasi, na mimi nimebakiwa na vya siku mbili. Sijui Zawadi alimpata wapi yule motard aliyezunguka kwa njia za mashamba akaniletea bahasha. Ndani kulikuwa na vidonge na karatasi: "Usimeze zaidi kwa woga."

Kwa Yaya nilikuwa na sahani yangu. Hata yeye. Watoto walikatazwa kuigusa, ilikaa peke yake juu ya ukuta. Sikumlaumu, ana watoto. Nilikula peke yangu, nimeelekea shambani. Siku moja ya kiangazi, mchana, aliweka sinia moja katikati ya mkeka, ugali na sombe ya majani ya muhogo, akakaa, mume wake akakaa, watoto wakakaa. Sahani yangu haikuwepo ukutani. Mume wake akamega upande wangu, akala. Nilitoka nje nikasimama kwenye mihogo mpaka wakamaliza.

Ni katika kiangazi hicho Aline alikuja Nyakabere kunisalimia, akaniambia kinachosemwa Uvira. Mchungaji Obedi alikuwa anamhubiri Neema. Anawaambia vijana: msichana yule alificha vidonge, alimdanganya Mungu, ndiyo maana pepo lilimrudia na kumwangusha. Anamtaja kwa jina.

Nilienda Jumapili iliyofuata. Sikuingia kwa hasira, miguu haikuwa na nguvu ya hasira. Niliomba ushuhuda, wakanipa, maana mama mwenye msiba hanyimwi. Nikasema, "Neema hakuficha. Neema alitupa vyote. Aliyeficha ni minye, kwenye nguo hii. Ndiyo sababu nilikuwa nasimama hapa sitetemeki, naye amekufa." Nikaendelea, nikaanza kueleza habari ya kupunguza kidogo kidogo, na maikrofoni ikazimwa. Mchungaji alinishika kichwa kwa upole, akawaambia watu, "Tumwombee mama yetu, uchungu unamsemesha." Wakaniombea. Walikuwa wengi, sauti yangu haikufika popote.

Jumatatu walitupa tena ziwani, kama kawaida. Byamungu anauza. Patron Kiza ana mwanamke mwingine kontwari, kijana kuliko mimi. Wale waliosimama na pikipiki zao tunakutana sokoni, wananiambia shikamoo. Sijamsamehe hata mmoja. Mimi niko mbele ya orodha, na mimi pia sijajisamehe.

Kidonge changu cha mwisho, robo ya robo, nilikimeza wakati mvua za kwanza zinaanza. Sikuona furaha. Usingizi wangu ni wa saa mbili tatu. Naweza kutaja majina ya jirani wote.

Juzi Aline alikuja asubuhi, amefunga kitambaa. Alikuwa bado anameza vidonge vyake muda wote huu. Alisema Mchungaji amempa Jumatatu ya kutupa ziwani, na kwamba anaogopa maji. Akauliza kama naweza kumpeleka kwa yule mwanamke wa miwani. Tulikaa kwenye lile benchi, likawa linatutelezesha mmoja kwa mwingine. Alipoitwa aliweka vidonge mezani, vyote, na Zawadi akavisogeza akaanza kuuliza idadi. Aline akataja. Nilijua ni ya kweli kwa jinsi alivyoona haya.

Alipotoka kwenda kupimwa, nilibaki. Nilikuwa nimevaa kitenge kile. Wakati wa kukifua huko Nyakabere nilikuwa nimegusa kitu kwenye kona ya pindo: viwili vilikuwa vimeteleza mbali na kidole changu, vikabaki. Sikuvimeza, sikuvitupa. Nilifumua mbele ya Zawadi nikaviweka mkononi mwake. Vilikuwa vimegeuka njano.

Nikamuuliza lile swali nililolibeba mwaka mzima. Kama ningempa Neema kimoja, ile Alhamisi. Kimoja tu, halafu tukaja hapa, angekuwa hai?

Alivua miwani. Nilidhani ataniambia ni mapenzi ya Mungu, watu wote wameniambia hivyo.

"Siwezi kukuambia hapana," alisema.

Nilimshukuru. Wengine wote walikuwa wamenidanganya.

Anasema kutetemeka huku kwa mkono huenda kutabaki. Alitaka kunipa dawa ya mtetemeko, nikakataa. Neema alikufa akiamini mama yake hatetemeki. Natetemeka, mwanangu. Kila mtu ananiona.